Kasisi wa Jukwaani na Kasisi wa Barua: Swala la Msamaha katika Mzalendo Kimathi

Katika fasihi ihusuyo vita vya Mau Mau, kasisi ni mhusika asiyemsumbua sana mhakiki. Akiingia jukwaani twajua amekuja kusema nini, akitoka twajua ametumwa na nani. Makala hii inakusudia kuonyesha kwamba wepesi huu una hasara yake, na kwamba hasara hiyo yaonekana wazi zaidi katika tamthilia ambayo wengi wetu tumeisomesha kwa miaka mingi, yaani Mzalendo Kimathi, tafsiri ya Kiswahili ya mchezo ulioandikwa na Ngũgĩ wa Thiong'o na Mĩcere Gĩthae Mũgo mwaka 1976. Si nia yangu kuutetea ukasisi. Nia yangu ni kuuliza kama mchezo huo umeitendea haki dhana ya msamaha kama ilivyokuwa ikiishi Nyeri wakati wa vita vile.

Wasomaji wanakumbuka muundo wake. Kimathi amekamatwa, yumo katika jela na mahakama ya Nyeri, na katika chumba chake cha kifungo wanamjia wajaribu mmoja baada ya mwingine. Miongoni mwao yumo kasisi Mwafrika, aliyeandamana na mfanyabiashara na mwanasiasa. Mpangilio huo peke yake ni hukumu: dini imewekwa kundi moja na fedha na cheo, na msamaha anaouhubiri kasisi ni jina jingine la kusalimu amri. Tena si kasisi tu. Hata huruma ya Kimathi mwenyewe, pale alipotakiwa awahukumu wasaliti akiwamo ndugu yake wa damu, imechorwa kama udhaifu uliompa adui mwanya. Kwa hiyo katika mchezo mzima kusamehe kuna sura mbili, hila ya mkubwa na kosa la mpiganaji. Sura ya tatu haimo.

Sasa tuitazame barua. Kimathi alikamatwa tarehe 21 Oktoba 1956, akahukumiwa kifo mjini Nyeri mwezi Novemba mbele ya Jaji Mkuu O'Connor kwa kosa la kuwa na bastola na risasi, akanyongwa Kamiti tarehe 18 Februari 1957. Siku moja kabla ya kunyongwa alimwandikia Padre Marino wa misheni ya Kikatoliki ya Nyeri. Barua hiyo si ngeni kwa wanahistoria, na tangu kumbukumbu za kesi yake zilipochapishwa kitabuni mwaka 2017 hakuna mhakiki mwenye udhuru wa kutoisoma. Ndani yake mfungwa anaeleza kwamba anajiandaa kwa furaha kwa ajili ya mbingu, kisha bila kukawia anageukia mambo ya nyumbani: mtoto wake asomeshwe, mama yake mzee atembelewe na kufarijiwa, mkewe aliye kifungoni pale pale Kamiti apewe faraja na masista kwa kuwa naye ni mpweke. Haulaani mkono utakaomnyonga. Lakini pia, na hapa ndipo pana uzito, haombi radhi kwa serikali wala haikani vita yake.

Mtu huyu alisoma Tumutumu, kwa Wapresbiteri wa Kiskoti, na saa yake ya mwisho aliiweka mikononi mwa padre wa Kikatoliki. Anayetaka kumfanya mtakatifu wa dhehebu lolote atapata taabu. Anayetaka kumfanya adui wa Ukristo, kama jukwaa linavyoelekea kufanya, atapata taabu zaidi.

Yafaa hapa tuingie katika lugha, kwa maana naamini tatizo la mchezo huu kwa sehemu kubwa ni tatizo la maneno. Kiswahili kina kusamehe, neno tulilolipokea kutoka Kiarabu. Kina kuungama na kutubu. Tena kina kupatana na kupatanisha. Biblia ya Union, iliyotoka mwaka 1952, mwaka ule ule wa kutangazwa hali ya hatari, ilichagua neno upatanisho kwa kazi ambayo Paulo aliwakabidhi wahudumu wa kanisa. Kupatana, kama ajuavyo mwanafunzi yeyote wa vitenzi vyetu, ni kauli ya kutendana: hakuna mtu apatanaye peke yake. Gĩkũyũ nacho kina kũrekera, ambalo ndani yake limo wazo la kuachilia, na kina kũiguithania, ambalo limejengwa juu ya kũigua, yaani kusikia. Wapatanishwao kwa Gĩkũyũ ni watu waliofanywa wasikizane. Pana pia neno tha, huruma. Sista Irene Stefani wa shirika la Consolata, aliyefariki Gikondi mwaka 1930 baada ya kuwahudumia wagonjwa, wenyeji walimwita Nyaatha, mama wa huruma. Alipotangazwa mwenye heri tarehe 23 Mei 2015, ibada ilifanyika Nyeri katika uwanja wa chuo kikuu chenye jina la Dedan Kimathi. Hao waliopanga mahali pale sidhani walikuwa wakifanya uhakiki wa fasihi, lakini walifanya.

Ungamo nalo lina historia yake. Kabla ya misheni, mtu aliyeingiwa na thahu alitakaswa kwa gũtahĩkio: mganga alimwongoza atapike uovu wake, ukatoka mbele ya watu. Uamsho ulipofika milimani kutoka Rwanda na Uganda katika miaka ya 1930, uliweka kuungama hadharani katikati ya maisha ya ndugu waliookoka, na waumini wa milimani hawakuliona jambo hilo kuwa geni. Kisha likaja neno lile lile kutoka mahali pasipotarajiwa. Katika kambi za kizuizini, mahabusu alitakiwa kukiri kiapo chake ndipo asogezwe kambi iliyo karibu na nyumbani. Serikali iliwatumia hata waganga kuwatakasa watu viapo. Hivyo ungamo likageuka karatasi ya kupitia. Yeye aliyeliotea neno hilo mapema kuliko wengi ni Gakaara wa Wanjaũ wa Karatina, mwana wa mchungaji wa Kipresbiteri, ambaye mwaka 1952 aliandika kwa Gĩkũyũ ungamo la imani la Gĩkũyũ na Mũmbi kwa kufuata sura ya ile imani ya mitume. Alikamatwa Oktoba mwaka huo. Shajara yake ya kizuizini, iliyotoka mwaka 1983 na kupata Tuzo ya Noma mwaka 1984, ni shahidi bora kuliko riwaya nyingi wa jinsi mtu anavyoulizwa kila siku aseme asichotaka kusema.

Nilipokuwa nikisomea shahada ya pili ng'ambo, mwalimu wangu mmoja alishikilia kwamba Mugo katika A Grain of Wheat ni mwenye dhambi wa Injili aliyetubu. Niliandika insha ya kumpinga, nikapata alama ya wastani, na bado sijabadili mawazo. Gikonyo aliungama kambini ili arudi kwa Mumbi, na ungamo lile likamla moyo. Mugo aliungama siku ya Uhuru, bila kulazimishwa na kambi yoyote, mbele ya watu aliowasaliti kwa kumtoa Kihika. Tofauti kati ya watu hawa wawili ndiyo shabaha ya riwaya. Mugo hakusamehewa, alichukuliwa na wapiganaji akahukumiwe. Lakini alisikiwa. Upatanisho wenyewe, ule mdogo unaochelewa, umebakizwa kwa Gikonyo na Mumbi na kigoda anachokusudia kukichonga. Ngũgĩ wa mwaka 1967 alijua jambo ambalo mchezo wa 1976 umelisahau.

Najua jibu litakalotolewa. Mzalendo Kimathi si historia. Ni mchezo wa kumrudishia shujaa heshima aliyonyang'anywa na maandishi ya wakoloni, na mchezo wa namna hiyo hauna nafasi ya kasisi mwema. Nakubali nusu. Maandishi yale yalimwita Kimathi mnyama, na ilikuwa halali kujibu kwa sauti kubwa. Lakini sauti hiyo imefuta pia kundi zima la watu wa Nyeri na Mũrang'a: ndugu wa uamsho waliokataa kula kiapo, na ambao wengi wao walikataa pia kubeba bunduki ya serikali. Baadhi yao waliuawa na wapiganaji; wengine walitiliwa shaka na maofisa. Mtu anaweza kusema walikosea kisiasa, na mimi binafsi nashawishika kusema hivyo. Hata hivyo hawakuwa vibaraka, na kasisi wa jukwaani hawezi kusimama badala yao. Mchezo ungepata nguvu zaidi kama Kimathi angejaribiwa na mmoja wao, mtu asiye na cha kuuza.

Serikali ya Uhuru nayo ililichukua neno. Mwezi Agosti 1963, mjini Nakuru, Kenyatta aliwaambia walowezi kwamba pande zote zisameheane na kusahau. Kwa walowezi ilikuwa faraja. Kwa mjane wa Tetu ilikuwa amri, maana hakuna aliyekuja kwanza kumwungamia. Iliwalazimu wazee kwenda mahakamani London ndipo, tarehe 6 Juni 2013, serikali ya Uingereza ikaeleza masikitiko yake na kukubali kuwalipa watu 5,228. Masikitiko, tuangalie neno, si kuomba msamaha.

Mwaka 1969 P. M. Kareithi alichapa riwaya ya Kiswahili juu ya vita hivi, akaiita Kaburi Bila Msalaba. Sanamu ya Kimathi ilisimamishwa Nairobi mwaka 2007. Mukami, aliyetajwa katika barua ile kuwa mpweke, alifariki Mei 2023, na hadi siku hiyo hakuna aliyekuwa amemwonyesha mumewe alizikwa wapi.