Kwa Niaba ya Bwana Carnegie

Tajiri akitoa, jina lake huchongwa ukutani. Barua ya kutoa huandikwa na mtu mwingine, na jina la mtu huyo hubaki chini ya karatasi, mahali ambapo macho hayafiki. Katika historia ya ufadhili wa Marekani mtu huyo ni James Bertram. Alizaliwa Scotland mwaka 1872, akafanya kazi kwa muda katika reli za Afrika Kusini, na mwaka 1897 akaajiriwa kuwa katibu binafsi wa Andrew Carnegie, tajiri wa chuma. Mwaka 1911 Carnegie alipoanzisha shirika lenye jina lake jijini New York, Bertram akawa Katibu wa shirika hilo, na alishika kazi hiyo hadi alipofariki mwaka 1934.

Carnegie alilipia majengo ya maktaba 2,509 katika nchi zinazozungumza Kiingereza, 1,679 kati yake yakiwa Marekani. Carnegie ndiye aliyeidhinisha fedha. Lakini mji ulioomba maktaba haukuzungumza naye. Ulizungumza na Bertram, tena kwa barua tu, kwa kuwa hakupenda kuonana na waombaji ana kwa ana. Meya aliyetaka kufunga safari hadi New York akaeleze shida za mji wake aliambiwa aandike.

Barua hizo zimehifadhiwa pamoja na kumbukumbu za shirika katika Chuo Kikuu cha Columbia. Wengi wetu tulioko mbali tunazijua kupitia vitabu vya watafiti waliozifikia, na kupitia nakala ambazo maktaba za miji midogo zimezichapisha kwa fahari, kama familia inayoweka cheti cha babu kwenye fremu. Wanahistoria wamezitumia kutafuta nani alipewa nini na lini. Mimi nataka kuzisoma kama maandishi: ni nani anayesema humo, kwa sauti gani, na sauti hiyo inamfanya nini anayesoma. Sisi wa fasihi ya Kiswahili tumeshakubali kwamba barua ni utanzu. Barua za Shaaban Robert kwa mdogo wake Yusuf Ulenge zimechapishwa na tunazisoma darasani, na mwandishi wake alikuwa karani wa serikali kwa sehemu kubwa ya maisha yake. Hakuna sababu ya kumnyima karani wa tajiri usomaji wa aina hiyo.

Kitu cha kwanza kinachoonekana ni ufupi. Bertram hana salamu ndefu, hana pole, hana pongezi. Mji ukiandika kurasa nne kueleza vijana wake wasiokuwa na pa kwenda jioni, yeye anarudisha fomu. Fomu inauliza idadi ya watu, kama kuna maktaba tayari na iko wapi, ina vitabu vingapi, vimeazimwa mara ngapi, kiwanja kipo au hakipo, na halmashauri itaahidi kiasi gani cha kodi kila mwaka. Baada ya majibu huja hesabu. Kwa kawaida ilikuwa takriban dola 2 kwa kila mkazi, kwa sharti kwamba mji utatenga kila mwaka asilimia 10 ya fedha iliyotolewa ili kuiendesha maktaba. Mji wa watu 5,000 ungeweza kutarajia dola 10,000 na kujifunga kulipa dola 1,000 kila mwaka. Fedha ya Carnegie ilijenga jengo. Vitabu, mishahara na makaa ya kupashia moto vilikuwa juu ya mji wenyewe.

Kitu cha pili ni sarufi. Katika barua hizi mtendaji wa sentensi ni Bwana Carnegie. Bwana Carnegie atafurahi kutoa. Bwana Carnegie haoni sababu ya kuongeza. Aliyehesabu, aliyepima, aliyechoka na aliyekataa hajitaji. Anayejua barua za ofisi zetu ataitambua mbinu hii mara moja. "Husika na kichwa cha habari hapo juu" ni sentensi isiyo na mtu ndani yake, na nguvu yake inatokana na hapo hapo. Huwezi kubishana na asiyekuwepo. Bertram aliufikisha mtindo huu mahali ambapo uamuzi wa binadamu ulianza kusomeka kama matokeo ya hesabu ya kuzidisha.

Kitu cha tatu kinachekesha kidogo. Carnegie aliunga mkono kwa fedha harakati za kurahisisha tahajia ya Kiingereza, na katibu wake akaandika kwa tahajia hiyo. Katika barua zake kitenzi cha kutoa kilipoteza e yake ya mwisho. Katika mwongozo wa ujenzi alioanza kuusambaza mwaka 1911, neno la majengo halina u. Kwa msomaji wa Kiswahili, aliyezoea lugha inayoandikwa karibu kama inavyotamkwa, hili halina ajabu. Lakini jiweke kwenye nafasi ya mwalimu mkuu wa mji mdogo aliyefundisha tahajia maisha yake yote, kisha anapokea barua yenye maneno yaliyokatwa mikia, na ndani yake mna dola 10,000. Hatasahihisha. Hata herufi zilikuwa zinakumbusha ni nani aliyeshika kalamu.

Mwongozo huo ndio kazi ya Bertram ninayoiona kuwa bora kimaandishi. Unataka ukumbi mmoja mpana wa kusomea ambao mkutubi mmoja anaweza kuusimamia kwa macho, madirisha yaliyo juu ili rafu zipite chini yake, na nafasi isiyopotezwa kwa ngazi na kumbi za kuingilia. Wasanifu walizoea kuchora nguzo za Kigiriki na makuba; Bertram alirudisha michoro hiyo na kuuliza vitabu vitakaa wapi. Abigail Van Slyck, katika kitabu chake cha mwaka 1995 kuhusu maktaba hizi, anaonyesha vizuri jinsi mawazo kuhusu msomaji na mkutubi, ambaye mara nyingi alikuwa mwanamke, yalivyoingia katika kuta zenyewe. Kabla yake, mwaka 1969, George Bobinski alikuwa ameipanga mawasiliano hii mji kwa mji kwa uvumilivu mkubwa. Kazi zote mbili zinamtoa Bertram kivulini. Zikisomwa pamoja, zinaruhusu pia kumtetea.

Na anastahili utetezi. Ubaridi wake ulikuwa na haki ndani yake. Mji usio na mtu anayemjua Carnegie, usio na seneta wala mke wa seneta, ulijaza fomu ile ile na kufanyiwa hesabu ile ile. Kwetu, ambako mara nyingi tunaambiwa "mtafute fulani, mwambie nimekutuma mimi," fomu isiyojali umetumwa na nani ni kitu cha kutamani. Wako pia waliokataa fedha hizo: zaidi ya miji 200 ya Marekani ilizungumza na ofisi hii kisha maktaba isijengwe, baadhi kwa sababu ya kodi, baadhi kwa sababu wafanyakazi walikumbuka mgomo wa Homestead wa mwaka 1892 na damu iliyomwagika katika kiwanda cha Carnegie. Detroit iliahidiwa fedha mwaka 1901 na ikabishana hadi 1910 ndipo ikapokea. Fomu ya Bertram haikuwa na mstari wa kuandika hasira, lakini haikumlazimisha mtu kujaza.

Tatizo langu liko kwenye swali moja ambalo ofisi hiyo iliwaachia wenyeji walijibu: nani ataingia? Maktaba ya Carnegie ya Atlanta ilifunguliwa mwaka 1902 na Weusi hawakuruhusiwa ndani. W. E. B. Du Bois, aliyekuwa akifundisha mjini humo, alikwenda na wenzake kuwauliza wadhamini, kisha akaandika juu ya jambo hilo. Weusi wa Atlanta walilipa kodi, na kodi ndiyo iliyoendesha maktaba. Walisubiri hadi mwaka 1921 kupata tawi lao wenyewe, lililojengwa kwa fedha za Carnegie pia. Miaka 19 ni muda wa mtoto kuzaliwa, kumaliza shule na kuondoka mjini bila kuazima kitabu. Hapo ufupi wa barua unabadilika maana. Ukimya ule ule uliozuia upendeleo wa seneta ulizuia pia swali la haki lisiulizwe.

Ndiyo maana siridhiki kumsoma Bertram peke yake. Kuna katibu wa pili katika hadithi hii. Emmett Jay Scott, mzaliwa wa Houston, Texas, alikuwa mdogo wa Bertram kwa mwaka mmoja. Mwaka huo huo wa 1897 aliajiriwa kuwa katibu wa Booker T. Washington katika chuo cha Tuskegee, Alabama. Katibu mmoja aliandika kwa niaba ya mtoaji, mwingine kwa niaba ya mwombaji, na Tuskegee ilikuwa miongoni mwa waombaji waliofanikiwa kuliko wote: kwanza jengo la maktaba la dola 20,000, kisha mwaka 1903 dola 600,000 kwa ajili ya mfuko wa chuo.

Scott aliandika sehemu kubwa ya barua zilizotoka kwa jina la Washington, na waliofanya kazi na makaratasi hayo wanajua jinsi ilivyo vigumu kutenganisha sauti hizo mbili. Kazi yake kifasihi ilikuwa ngumu kuliko ya Bertram. Bertram angeweza kuwa mkavu kwa sababu fedha ilikuwa upande wake. Scott alihitaji kuwa mnyenyekevu bila kuwa mdogo. Alihitaji kutaja gharama hadi dola ya mwisho, kueleza kwamba wanafunzi wangefyatua matofali na kujenga wenyewe, na kumfanya msomaji wa New York aone kwamba anawekeza, hatoi sadaka. Mtaka cha mvunguni sharti ainame, tunasema. Barua za Tuskegee zinaonyesha kuinama kulikopimwa, kwa mtu anayejua mvungu una kina gani na mgongo wake utainuka lini.

Houston inatoa mfano wa kile ustadi huo ulichoweza kufanya. Maktaba ya mji ilipowafungia mlango, Weusi wa Houston walijipanga kutafuta yao, na Scott, mtoto wa mji huo, alisaidia maombi yao kufika mahali panapohusika. Walipata dola 15,000. Jengo, lililochorwa na msanifu Mweusi William Sidney Pittman, lilifunguliwa mwaka 1913 chini ya wadhamini Weusi. Ukisoma upande wa Bertram tu, Houston ni mji mmoja katika orodha ndefu. Ukisoma upande wa Scott, ni watu walioijua lugha ya fomu vizuri hivi kwamba wakaifanya itoe jibu la swali ambalo haikuuliza.

Hadithi hii ingeweza kuishia Marekani kama Bertram mwenyewe asingepanda meli. Mwaka 1927 alisafiri Afrika pamoja na rais wa shirika, Frederick Keppel, na wakatoa ripoti kuhusu mpango wa elimu barani. Shirika lilikuwa tayari limechangia Shule ya Jeanes huko Kabete, Kenya, iliyoanzishwa mwaka 1925 kwa mfano uliochukuliwa kutoka kusini mwa Marekani, katika mazingira yale yale ya Tuskegee. Mwaka 1929 shirika lilichapisha ripoti ya Milton Ferguson kuhusu maktaba za Afrika Kusini, Rhodesia na Kenya. Mwaka 1931 Maktaba ya McMillan ikafunguliwa Nairobi, kwa fedha za Bibi McMillan, marafiki zake, na msaada wa Carnegie. Ilikuwa ya Wazungu peke yao hadi mwaka 1958. Tangu Atlanta ilikuwa imepita miaka karibu 30, na swali la nani ataingia lilikuwa bado linaachiwa wenyeji walijibu. Wenyeji, kwa maana hiyo, walikuwa walowezi.

Kijana wa Nairobi anayepita leo kati ya simba wale wawili wa mawe anaingia katika jengo ambalo babu yake angefukuzwa mlangoni. Simhukumu Bertram kwa uamuzi wa serikali ya kikoloni. Ninachosema ni kwamba mtindo wake wa kuandika ulitoa nafasi ya kuusaidia uamuzi huo bila mtu yeyote kuonekana ameuamua.

Tunaandika sana barua za maombi katika umri huu: udhamini wa masomo, fedha za utafiti, nafasi ya kwenda kuandika mahali penye utulivu na umeme usiokatika. Tunajifunza kujibu kwa maneno yasiyozidi 300 na kuelekeza shukrani kwa mfadhili ambaye hatatusoma. Kwa hiyo kumbukumbu hizi ni mali yetu pia, na zinahitaji toleo ambalo bado sijaliona: barua ya Bertram upande mmoja wa ukurasa, na upande wa pili barua iliyosababisha ijibiwe, nzima, pamoja na zile kurasa nne za vijana wasio na pa kwenda jioni. Nusu ya pili ndiyo yenye watu wengi zaidi.