Anayeandika Si Lazima Awe Mwenye Namba

Ng'ombe akipotea huku kwetu Tumati, Tanzania, mzoefu hakimbilii porini. Huanzia zizini, penye kwato anazozijua, akazikariri kwanza ndipo afuate njia. Anthony Kava, mtaalamu wa kompyuta wa ofisi ya sherifu wa kaunti ya Pottawattamie, Iowa, alifanya kazi ya namna hiyo ndani ya simu. Filamu ya Lover, Stalker, Killer (2024) wengi huitazama kwa ajili ya mapenzi na damu. Mimi niliitazama kwa ajili yake.

Kisa chenyewe ni hiki. Mwaka 2012, mjini Omaha, Marekani, fundi magari Dave Kroupa alikuwa na Shanna Golyar, waliyefahamiana mtandaoni, kisha akampenda Cari Farver, mteja wa gereji. Novemba 13 Farver akatoweka, ila ujumbe wake haukukoma. Matusi na vitisho vilimiminika kwa maelfu, miaka mitatu, kwa Kroupa na kwa Golyar mwenyewe. Mama yake Farver naye aliandikiwa, akahisi uandishi ule si wa mwanawe. Jina lilikuwa la Farver, basi watu wakaamini kwamba mwenye wivu ni Farver.

Sisi tuliopanga foleni kusajili laini kwa alama za vidole tusiwacheke. Usajili humtaja mwenye laini, lakini haumwoni aliyeshika simu saa tano usiku. Sheria yetu ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 inakataza kujifanya mtu mwingine. Kumthibitisha aliyejifanya ndiko kunakohitaji fundi.

Mwaka 2015 wapelelezi Ryan Avis na Jim Doty walilifufua jalada kwa swali lililorukwa: Farver yu hai? Kava akarudi kwenye nakala za simu zilizochukuliwa zamani. Kwenye simu ya Golyar alikuta picha iliyofutwa ya gari la Farver, iliyopigwa kabla polisi hawajaliona gari hilo Januari 2013. Kufuta, kumbe, mara nyingi huondoa tu anwani ya picha. Yenyewe hulala pale mpaka kitu kingine kiandikwe juu yake. Alilinganisha pia anwani za intaneti za akaunti za bandia, barua pepe moja baada ya nyingine, na akagundua baadhi zilipangiwa saa ya kutoka zenyewe. Ndiyo maana ujumbe wa "Farver" uliweza kuingia Golyar akiwa ameketi kando ya Kroupa. Ujanja mzuri, lazima nikiri.

Kisha wakafanya lililo gumu zaidi kwa polisi yeyote: wakamwacha Golyar aendelee kuandika. Desemba 2015 Golyar alijipiga risasi mguuni, akamsingizia mzazi mwenza wa Kroupa. Wapelelezi wakajifanya wameamini, wakamwambia ushahidi haujatosha. Zikaanza kuja barua pepe za "kukiri" kwa jina la mama huyo, zikisema Farver alichomwa kisu ndani ya gari lake. Kiti cha gari kilipofunguliwa, damu ilikuwa chini ya kitambaa. Filamu inapita hapa haraka mno. Ningeipa nusu saa nzima.

Mei 2017 jaji alimtia Golyar hatiani kwa mauaji na kwa kuchoma nyumba aliyoishi mwenyewe, moto aliokuwa amemsingizia Farver. Mwili haukupatikana.