Lakabu Si Kinyago

Mhakiki anayejadili majina ya waandishi kwa Kiswahili hukutana mapema na tatizo la istilahi. "Jina bandia" ndilo lililozoeleka, nalo limekwisha kukaa vinywani mwa wengi. Lakini bandia ni kitu kilichotengenezwa kishike nafasi ya kingine: meno bandia, nywele bandia. Anayelitumia neno hilo amekwisha kuamua, kabla ya kusoma hata ubeti mmoja, kwamba nyuma ya jina liko jingine la kweli, na kwamba kazi ya msomaji ni kulifichua.

Uamuzi huo unawafaa baadhi ya waandishi wa Ulaya. Dada watatu wa ukoo wa Brontë walipochapisha mashairi yao mwaka 1846 kwa majina ya Currer, Ellis na Acton Bell, walikuwa wanajificha kwelikweli. Charlotte alieleza baadaye kwamba walihofia wahakiki wangezisoma kazi za wanawake kwa jicho la upendeleo. Kwa washairi wengi wa Kiswahili, hata hivyo, maelezo ya namna hiyo hayagusi jambo lenyewe.

Lakabu, neno lililotoka katika Kiarabu, ni jina la sifa linaloongezwa juu ya jina la kuzaliwa. Halilifuti. Jamaa yake wa karibu ni takhalusi ya washairi wa Kiajemi na Kiurdu, ambao huliweka jina lao la ushairi katika beti za mwisho za ghazali. K. H. A. Akilimali alipotoa Diwani ya Akilimali mwaka 1963, alijiita Akilimali Snow-White, majina mawili bega kwa bega. Alijificha kwa nani? Ahmad Nassir wa Mombasa anajulikana kwa lakabu ya Malenga wa Mvita, nayo ndiyo iliyokuwa jina la diwani yake ya mwaka 1971. Hakuna msomaji wa pwani aliyehitaji kuuliza malenga huyo ni nani. Katika kurasa za ushairi za magazeti, mara nyingi lakabu huandikwa pamoja na jina kamili, mji na hata sanduku la posta. Mshairi anataka ajulikane alipo, maana anatazamia kujibiwa. Katika malumbano lakabu ndiyo anayoitiwa uwanjani.

Desturi ya kujitaja ni kongwe kuliko magazeti. Mwana Kupona, katika utendi alioutunga mwaka 1858 kwa ajili ya binti yake, anajitaja kwa jina na kuutaja mji wa Pate. Mwanamke wa Kiislamu wa karne ya kumi na tisa alitia sahihi pale ambapo akina Brontë, miaka kumi na miwili kabla yake, hawakuthubutu. Utendi mmoja wa mwanamke wa daraja la juu hautoshi kuwasemea wanawake wote wa pwani, lakini watosha kuitia shaka dhana kwamba kalamu ya kike daima hutafuta pazia.

Pazia lilikuwapo, ila lilitundikwa pengine. Katika ushairi wa Kiswahili kinachofichwa ni maana, kwa njia ya fumbo. Jina hubaki wazi. Abdilatif Abdalla alifungwa mwaka 1969 kwa sababu ya waraka "Kenya: Twendapi?". Gerezani alitunga mashairi, mengine akiyaandika kwenye karatasi za msalani, na yalipotoka mwaka 1973 kama Sauti ya Dhiki, jina lake lilikuwa juu yake. Ulinzi ulikuwa ndani ya tungo: mamba ni mamba na mnazi ni mnazi, hadi msomaji atakapokuwa tayari kuona vinginevyo. Mhakiki anayetafuta uficho wa mwandishi wa Kiswahili kwenye jalada huenda akaupita ukiwa umelala katika sitiari.

Kisa cha kustaajabisha zaidi kimo katika nathari. Muhammed Said Abdulla, aliyekuwa mhariri wa magazeti Unguja na kisha wa Mkulima huko Tanganyika, alichapisha Mzimu wa Watu wa Kale mwaka 1960. Jina lake lilibaki jaladani. Alichokifanya ni kuzichukua herufi zake tatu za mwanzo, M, S na A, akampa mpelelezi wake: Bwana Msa, mtu wa kiko na wa tafakuri. Huo ni mchezo uliogeuzwa. Kwa kawaida mwandishi hujitungia jina apate kusimama nje ya kitabu; Abdulla alilitumia lake apate kuingia ndani. Wahakiki wamezoea kumtazama Bwana Msa kama Sherlock Holmes wa Unguja, na Najum kama Watson wake, na ulinganisho huo una haki yake. Lakini Conan Doyle hakumpa Holmes herufi zake. Riwaya ya mwaka 1984 ilipoitwa Kosa la Bwana Msa, mwandishi alikuwa amekubali herufi zake mwenyewe zibebe kosa hilo hadharani, jambo ambalo jina la kujificha lisingemwezesha kulifanya.

Kuchagua jina, hata hivyo, ni uwezo, na uwezo haugawiwi sawa. Karen Blixen, aliyeishi Kenya tangu 1914 hadi 1931, aliitwa Isak Dinesen kwa wasomaji wa Marekani na Karen Blixen kwa wale wa Uingereza. Kamante na Farah, aliowaandika katika Out of Africa, walibaki na majina yao halisi katika matoleo yote mawili, na katika kulipanga hilo sauti yao haisikiki. Kwa upande mwingine, mwanamuziki wa Unguja aliyezaliwa Fumba akaitwa Mtumwa, dunia inamjua kama Siti binti Saad. Kuliita Siti jina bandia ni kumrudisha alikotoka.

Leo suala hili linawagusa waliotawanyika Muscat, London na kwingineko, kwa kuwa wanaokumbuka lakabu fulani ilikuwa ya nani wanazidi kupungua. Mwenye kujificha kwa hiari aachwe. Mwandishi wa habari aliyepekua kumbukumbu za fedha mwaka 2016 ili amfichue Elena Ferrante hakumwongezea msomaji hata ukurasa mmoja. Bali mshairi aliyetia lakabu na anwani hakujificha, na akisahauliwa kosa si lake. Orodha za maktaba zinapaswa kuyahifadhi majina yote mawili pamoja, na yaandikwe na watu wanaoijua desturi. Asiyeijua atamweka Akilimali chini ya herufi S, kana kwamba Snow-White ni jina la ukoo wake.