Bunduki ya Kwanza ya Mtoto Hupimwa Begani

Tarehe 24 Aprili 1965, Che Guevara alivuka Ziwa Tanganyika kutoka Kigoma akashukia Kibamba, kwenye ufuko wa Fizi, mashariki mwa Kongo, pamoja na Wakuba 13. Miezi saba baadaye aliondoka akiwa ameshindwa. Katika kumbukumbu alizoandika kuhusu vita vya waasi aliokwenda kuwasaidia, moja ya mambo yaliyomsumbua ni namna wapiganaji wengi walivyopiga risasi: walifumba macho, wakashikilia triga mpaka risasi zikaisha.

Wasomaji wengi wameichukulia habari hiyo kuwa ni suala la ujasiri. Mwalimu yeyote wa kulenga shabaha angeisoma tofauti. Mtu aliyepewa silaha nzito kabla ya kufundishwa hushtushwa na mambo mawili kwa mpigo, kishindo masikioni na teke begani. Baada ya risasi chache, mwili unajifunza kujikinga: macho yanafumba, bega linajikunja na kidole kinavuta triga kwa pupa. Huyo anaweza kuwa mpiganaji wa Kibamba au mtoto wa mwanasheria wa London. Mwili ni uleule. Tabia hiyo ikishaingia huchukua muda mrefu kuitoa, na ndiyo adui wa kwanza wa mtoto anayejifunza mchezo wa kuvunja visahani vya udongo kwa bunduki ya marisawa.

Mchezo wenyewe haujazoeleka Fizi wala mji jirani wa Baraka. Kisahani cha mashindano ya kimataifa kina upana wa milimita 110 na uzito wa gramu 105 hivi. Hutengenezwa kwa chokaa na lami, kisha mashine hukirusha angani. Mpigaji hutakiwa kukivunja kabla hakijaanguka, na katika trapu, aina mojawapo ya mashindano haya, kisahani kisichoguswa huenda kama mita 76. Hapo hakuna nafasi ya kufumba jicho hata kidogo.

Kabla ya kuingia kwenye vipimo, jambo moja lisemwe wazi. Katika ardhi hii maneno “mtoto” na “bunduki” yamekutana vibaya mno. Vita vilivyoanza mwaka 1996 viliwaingiza watoto wengi wa Kivu katika makundi yenye silaha. Sheria ya Kongo namba 09/001 ya tarehe 10 Januari 2009 inamtambua mtoto kuwa ni mtu yeyote ambaye hajatimiza miaka 18, na inapiga marufuku kumwandikisha au kumtumia katika jeshi, kundi lenye silaha au polisi. Anayevunja katazo hilo anakabiliwa na kifungo cha miaka 10 hadi 20. Uchambuzi huu unahusu kitu kingine kabisa: mchezo wa uwanjani, wenye msimamizi, kibali, na bunduki ambayo hufungiwa kabatini na mtu mzima baada ya somo. Wanaohitaji uchambuzi huu ni wazazi wa Afrika Mashariki wanaoishi ambako mchezo huu upo, kuanzia Ghuba hadi Ulaya na Marekani, ambao hukosea kwa sababu ya mapenzi tu.

Kosa lao la kwanza ni la uzito. Mzazi humwona mtoto wake mdogo, akaomba bunduki nyepesi kuliko zote dukani. Hesabu inamkatalia. Kwa risasi ileile, nguvu ya teke huongezeka kadiri bunduki inavyopungua uzito. Ikishuka kutoka kilo 3.2 hadi 2.4, yaani ikipungua robo, nguvu ya teke hupanda kwa theluthi moja. Kwa hiyo ile bunduki nyepesi yenye mtutu mmoja, inayouzwa kama “ya watoto”, inaweza kumwumiza mtoto kuliko bunduki ya baba yake.

Lakini nzito nayo ina ubaya wake. Mtoto asiyeweza kuibeba huegemea nyuma, akasukuma tumbo mbele, na teke likija humkuta hana mizani. Walimu wana kipimo rahisi: bunduki ikiwa tupu na imehakikiwa, mtoto aishike begani kwa nusu dakika akitazama mbele. Mtutu ukianza kushuka au mgongo ukipinda nyuma, hajaifikia bado. Bunduki za marisawa za kaliba 20 zenye uzito unaokaribia kilo 3 huwafaa vijana wengi wenye umri wa miaka 12 na kuendelea. Wadogo zaidi wanasubiri.

Dawa kubwa ya teke imo ndani ya risasi. Risasi ya kawaida ya uwanjani ya kaliba 12 hubeba gramu 28 za marisawa. Ikibadilishwa na ya gramu 21, mwendo ukiwa uleule, nguvu ya teke hushuka karibu nusu. Hata mabingwa wa Olimpiki hawapigi risasi nzito, maana kanuni za mashindano zimeweka kikomo kwenye gramu 24 na nusu. Mzazi anayeambiwa kwamba risasi nyepesi haivunji kisahani anadanganywa.

Kaliba ndogo kabisa, ile ya .410, huwavutia wengi kwa upole wake. Begani kweli ni laini. Tatizo ni kwamba marisawa yake ni machache, hivyo kundi lake angani linakuwa hafifu na kisahani hupita salama mara nyingi. Mtoto anayekosa visahani kumi mfululizo hupoteza hamu upesi kuliko aliyeumia bega. Kaliba 28 na 20 ndizo zinazoweka uwiano mzuri kati ya teke na matokeo.

Kaliba 20 ina hatari moja ambayo kila nyumba yenye bunduki mbili inapaswa kuijua. Risasi yake ikitumbukizwa kimakosa ndani ya bunduki ya kaliba 12, haianguki nje. Inateleza, inakwama ndani ya mtutu mahali isipoonekana, na chemba inabaki kama tupu. Mtu akiongeza risasi ya kaliba 12 nyuma yake na kufyatua, mtutu unaweza kupasuka mkononi mwake. Ndiyo sababu viwanda hupaka risasi za kaliba 20 rangi ya manjano. Familia makini haziweki kaliba mbili katika mfuko mmoja.

Baada ya hapo ndipo urefu wa kitako unapopimwa, kutoka kwenye triga hadi mwisho unaogusa bega. Bunduki za watu wazima huwa na sentimita 36 au 37. Za vijana huwa kati ya 30 na 33. Kitako kirefu hukwama kwapani wakati wa kuinua, kisha hutua kwenye msuli wa mkono badala ya bega, na alama ya bluu huonekana jioni. Mtoto wa mvuvi akipewa kasia lililozidi kimo chake, mtumbwi huzunguka hata kama mikono yake ina nguvu. Bunduki ndefu hufanya vivyo hivyo. Fundi anaweza kukata kitako, na mzazi mwenye busara hukihifadhi kipande kilichokatwa ili kirudishwe mtoto akikua. Vitako vya kisasa vyenye vipande vya kuongeza na kupunguza huondoa haja ya msumeno.

Aina ya bunduki nayo ina hoja pande zote mbili. Inayojipakia yenyewe kwa nguvu ya gesi hulainisha teke, kwa sababu sehemu ya nguvu hiyo hutumika kusukuma mitambo yake na msukumo unaobaki hufika begani polepole zaidi. Inayokunjika, yenye mitutu miwili mmoja juu ya mwingine, huonyesha usalama waziwazi: ikiwa imekunjwa, kila aliyepo uwanjani anaona kwamba haiwezi kufyatuka. Kwa mwanafunzi mdogo, aliye peke yake na mwalimu, faraja ya bega ina uzito zaidi. Kwa kikundi cha watoto, usalama unaoonekana kwa jicho ndio utangulie.

Jicho nalo hukaguliwa kabla ya pesa kutoka. Mtoto anyooshe kidole kwenye kitu cha mbali, macho yote mawili yakiwa wazi, kisha afumbe moja baada ya jingine. Jicho lililobaki wazi bila kidole kuonekana kuhama ndilo linaloongoza. Kama ni la kushoto ilhali mtoto anatumia mkono wa kulia, ni heri ajifunze kuweka bunduki bega la kushoto tangu siku ya kwanza, na hilo hubadilisha hata bunduki ya kununuliwa.

Wazazi wenye haraka wangetazama mifano miwili. Kim Rhode wa Marekani alitwaa dhahabu ya Olimpiki ya Atlanta 1996 akiwa na miaka 17, kisha akaendelea kupata medali hadi Rio 2016. Ahmed bin Hasher Al Maktoum, aliyeipa Falme za Kiarabu dhahabu yake ya kwanza ya Olimpiki huko Athens 2004, alikuwa na miaka 40, na kabla ya bunduki alikuwa mchezaji wa skwoshi. Kuchelewa miaka miwili au mitatu hakumfungii mtoto mlango wowote.

Kwa mtoto ambaye mabega yake yameshapita vipimo hivi, uamuzi ni kaliba 20, yenye uzito unaokaribia kilo 3, ya gesi, kitako kinachorekebishika, na risasi za gramu 21. Vizuia sauti vya masikio na miwani vinunuliwe siku hiyohiyo, kwa kuwa kishindo cha bunduki huzidi desibeli 140. Somo la kwanza liishie kwenye risasi chache, kwa visahani vinavyoruka taratibu na kwenda moja kwa moja mbele. Na pale ambapo hakuna mwalimu, kibali wala kabati lenye kufuli, mtoto hanunuliwi bunduki yoyote.