Paipu za Dizeli: Namna ya Kuijua Kazi ya Fundi Mzuri

Ukitoka Tarime mjini kwenda Mugumu kwa njia ya Nyamongo, kama kilomita 87 hivi, unashuka milima, unameza vumbi la malori yaendayo mgodi wa North Mara, unavuka Mto Mara ndipo unaingia wilaya ya Serengeti. Injini inayopiga njia kama hii mwaka hadi mwaka haibaki na paipu za dizeli ilizotoka nazo kiwandani. Leo paipu ya chuma imekatika, ikaungwa kwa mpira. Kesho filta imehamishwa kwa sababu mabano yake yamevunjika. Mwaka unaofuata limeongezwa tangi la pili, likaja na koki na tii zake. Mwishowe Fuso inayobeba ndizi kutoka Tarime ina jointi nyingi kuliko injini inavyohitaji, na mwenye lori anamwita fundi azipange upya na kuzipunguza.

Kazi ikiisha, lori likiwaka, wengi hulipa na kuondoka. Hapo ndipo pa kukagua. Kanuni ya kukagua ni moja: kila jointi iliyobaki iwe na sababu ya kuwepo, na kila jointi iliyoondolewa isiwe imeondoka na kazi muhimu. Kazi hizo ni tatu: kutenga maji, kurudisha tangini dizeli ya ziada, na kuiacha injini itikisike bila kuvuta paipu zilizofungwa kwenye chesisi.

Anza upande wa kuvuta

Kutoka tangini mpaka kwenye pampu ndogo, ile ya kuvutia, dizeli inavutwa. Baada ya hapo inasukumwa. Ufa upande wa kusukuma hujitangaza wenyewe, kwani dizeli inadondoka na vumbi linagandia. Ufa upande wa kuvuta hauonyeshi kitu. Injini ikiwaka unavuta upepo badala ya kudondosha, na lori kavu, safi kabisa, linakosa nguvu mlimani.

Kwa hiyo jua kwanza upande wa kuvuta unaishia wapi. Kwenye Fuso yenye injini ya 6D16, pampu ndogo imefungwa ubavuni mwa pampu kubwa, ile inayopeleka dizeli kwenye nozo, na filta iko mbele yake, upande wa kusukuma. Land Cruiser yenye injini ya 1HZ, gari ambalo watu wa hoteli na kambi za Serengeti wanalifahamu vizuri, haina pampu ndogo ya pembeni. Pampu kubwa yenyewe ndiyo inayovuta kutoka tangini, kupitia filta. Kwa gari hilo hata raba ya filta na pampu ya mkono iliyo juu yake ni milango ya upepo. Fundi aliyepanga paipu upya akaacha raba ya zamani ameifanya kazi nusu.

Fuata njia kwa macho

Lala chini ya lori, uanzie tangini. Paipu nzuri inapita ubavuni mwa chesisi kwa mstari unaoeleweka. Haipandi na kushuka bila sababu, maana kila nundu ya juu ni mahali pa upepo kujikusanya. Iko mbali na ekzosi na tabo. Haijafungwa pamoja na waya wa stata wala paipu ya breki. Imeshikwa kwa klipu zenye raba, zilizo karibu karibu kiasi kwamba ukiipiga kwa kidole haichezi.

Karibu na injini utazamie kipande cha mpira chenye ulegevu kidogo. Kikikosekana hicho, paipu ya chuma ikaunganishwa moja kwa moja kutoka chesisi hadi kwenye pampu, itapasuka kwenye nati yake. Ni suala la muda tu.

Kama kuna matangi mawili, uliza swali hili: "Fundi, nikigeuza koki, ritani nayo inahama?" Dizeli inayorudi lazima irudi kwenye tangi inakotoka. La sivyo, tangi moja linakauka na jingine linafurika, na dereva anasingiziwa kuuza mafuta. Kwa lori la safari fupi za Musoma na Sirari, mara nyingi ni afadhali kuondoa koki zote na kubaki na tangi moja zima.

Gusa kwa mikono

Mpira wa dizeli una nyuzi ndani yake, na ukiubana unarudi. Mpira mwangavu wa maji unafaa kwa majaribio ya siku moja. Ukiachwa hapo, dizeli na joto huufanya mgumu, kisha unalegea kwenye klemu. Mwisho wa paipu uwe na tuta dogo la kuzuia mpira usichomoke. Klemu iwe bapa, isiyokata mpira. Waya wa kufungia matenga haukubaliki.

Kataa paipu ya shaba iliyotolewa kwenye friji. Inakunjika kwa urahisi, ndiyo maana mafundi wanaipenda, lakini mtikisiko huifanya ngumu mpaka ipasuke, na shaba huharakisha kuharibika kwa dizeli. Bomba la maji lililopakwa zinki nalo lina ubaya wake, kwani zinki hutengeneza uchafu unaoziba filta na nozo.

Washa ndogo za shaba kwenye boliti ni jambo tofauti, na hapo ndipo unapomwona fundi makini. Akikosa mpya, hairudishi ya zamani ilivyo. Anaishika kwa koleo juu ya moto mpaka iwe nyekundu, anaitumbukiza majini, kisha anaisugua juu ya kioo chenye msasa laini mpaka uso wote ung'ae sawasawa. Sasa ni laini tena, na itaziba.

Visivyopunguzwa

Paipu za chuma kutoka pampu kubwa kwenda kwenye nozo hazifupishwi. Zina urefu sawa ingawa silinda haziko mbali sawa. Ndiyo maana nyingine zimekunjwa kunjwa. Anayekata moja ili ipendeze amebadilisha wakati wa dizeli kufika kwenye silinda hiyo. Kwenye injini mpya za komoni reli, ambazo presha yake huweza kupita bar 1,600, usiruhusu jaribio lolote la gereji ya kando ya barabara. Wala usitafute kuvuja kwa kidole: dizeli ya presha hiyo hupenya ngozi, na jeraha linaloonekana dogo ni la kukimbizwa hospitali.

Ritani haizibwi. Dizeli inayorudi huondoka na joto na upepo.

Kichujio cha maji nacho kibaki, tena mahali mkono unapofika. Vinasaba vya EWURA vya kutambua mafuta yaliyochakachuliwa vilianza mwaka 2010, na mwaka uliofuata kodi ya mafuta ya taa ilipandishwa ili kukomesha uchakachuaji. Hatua hizo hazizuii maji ya dumu chafu, wala umande unaojikusanya ndani ya tangi nusu tupu katika usiku wa baridi wa Tarime.

Jaribio la asubuhi

Egesha lori kwenye mlima, pua juu, tangi likiwa nusu au chini ya hapo. Liache usiku kucha. Asubuhi usiguse pampu ya mkono. Washa. Likishika likatulia, paipu zinashika dizeli. Likishika kisha likazima baada ya sekunde chache, kuna mahali linavuta upepo, na fundi bado hajamaliza.

Kisha lipakie, ulipandishe mlima. Likikosa nguvu, simama ufungue mfuniko wa tangi. Ukisikia hewa ikiingia kwa nguvu, na lori likarudisha nguvu zake, tatizo ni tundu la kupumulia la mfuniko. Umeokoa pesa ya kufumua paipu upya.

Patana mapema: nusu ya ujira kazi ikiisha, nusu baada ya jaribio hili, na jointi zote zilizotolewa zirudishwe mikononi mwako, kila moja ikielezwa ilikuwa ya nini. Fundi anayeweza kuzieleza zote alijua alichokuwa anaondoa. Huyo mpe kazi tena.