Hapa Hakuna Jenny

Mwaka 1982 wimbo “867-5309/Jenny” wa bendi ya Tommy Tutone ulifika nafasi ya 4 kwenye chati ya Billboard Hot 100, na Wamarekani wenye namba hiyo wakawa wanapigiwa simu na watu wasiowajua, wakimuulizia Jenny. Tarakimu saba bila msimbo wa eneo zinaweza kuwa za kaya nyingi. Filamu zao hukwepa balaa hilo kwa kutumia 555.

Mhusika ameikuta namba ukutani, lakini ujasiri wa kupiga unamwishia. Mashabiki hawakuwa na soni hiyo. Tunausifu wimbo kwa kunata kichwani, ilhali kunata huko ndiko kulikowakera watu majumbani. Ukutani, namba ilisomwa na wapita njia tu. Kiitikio kiligeuza kila redio kuwa ukuta. Mara zote mbili, mwenye namba hakuulizwa.