Mzimu wa Rafu ya Vitabu: Mapokezi ya Filamu ya Interstellar kwa Watazamaji wa Mbeya na Iringa

Mjadala wa wasomi wetu kuhusu filamu za kigeni katika vibanda vya video umekaa muda mrefu kwenye swali moja: je, mtazamaji ameelewa? Swali hilo hubeba jibu lake. Linachukulia kwamba maana imekwisha kukamilika ndani ya filamu, na kwamba mtazamaji ama huipokea nzima ama huipokea pungufu. Interstellar, filamu ya Christopher Nolan iliyotoka mwaka 2014, inaonekana kuwa mfano mwafaka wa upungufu huo. Ni filamu ya takriban saa tatu. Mshauri wake wa sayansi, Kip Thorne, alikuja kuwa miongoni mwa washindi wa Tuzo ya Nobeli ya Fizikia ya mwaka 2017. Na kiini chake ni dhana kwamba wakati hauendi kwa kasi moja kila mahali. Mwenzangu mmoja aliposikia kwamba ninafuatilia mapokezi yake vibandani, alicheka. Makala haya ni jibu kwa kicheko hicho, ingawa si jibu la kumshinda kabisa.

Nimeitazama filamu hii pamoja na hadhira tatu: watazamaji wa kibanda umiza kimoja cha Mwanjelwa jijini Mbeya, ambako ilisimuliwa kwa Kiswahili, wanafunzi wa shahada ya kwanza mjini Iringa, walioitazama kwa Kiingereza, na familia moja ya Mafinga iliyoitazama nyumbani, vijana wakiwafasiria wazee. Hawa ni watu wachache na sidai kwamba wanawakilisha mikoa miwili. Ninachodai ni kwamba walichokisema kina mantiki, na kwamba mantiki hiyo inaanzia kwenye neno moja.

Katika dakika za mwanzo, Murph, binti wa miaka kumi, anamwambia baba yake Cooper kwamba vitabu vinadondoshwa kutoka rafuni na kitu anachokiita kwa Kiingereza "ghost". Mfasiri wa Kiswahili hapo ana njia kadhaa. Anaweza kusema jini, pepo, shetani, mzuka au mzimu. Maneno haya hayabadilishani nafasi. Jini na pepo ni viumbe wengine, wasio na nasaba na anayesumbuliwa. Mzuka hutokea na kutisha, basi. Mzimu ni wa mtu aliyekufa, na kwa kawaida ni wa mtu wa kwenu. Shina lake limeenea katika lugha nyingi za Kibantu kwa maana hiyo ya roho ya mhenga, nasi tunalo pia katika kuzimu. Msimulizi wa Mwanjelwa alisema mzimu. Vijana wa Mafinga nao walisema mzimu, kisha mzee mmoja akasahihisha kwa Kihehe: lisoka, umoja wa masoka, yaani roho za wahenga. Sahihisho hilo halikuacha nafasi ya shaka.

Athari yake ni kubwa kuliko inavyodhaniwa. Kwa mtazamaji wa Kiingereza, neno "ghost" ni chambo: linamfanya asubiri maelezo ya kisayansi, na mwishoni anashtuka kugundua kwamba aliyesukuma vitabu ni Cooper mwenyewe, akiwa ndani ya shimo jeusi, nyuma ya rafu ya chumba cha bintiye. Kwa mtazamaji aliyeambiwa mzimu, swali halikuwa ni kitu gani, bali ni nani wa ukoo huu na anataka nini. Mwanjelwa hawakushtuka Cooper alipojitokeza nyuma ya rafu. Waliridhika, kama watu waliosubiri shahidi afike kortini. Wanafunzi wa Iringa, waliolipokea neno la Kiingereza, ndio walioshtuka, na ndio waliobishana kwa muda mrefu kama jambo hilo linawezekana kifizikia.

Ushahidi wa kisarufi unaunga mkono tafsiri hii. Mzimu ni nomino ya ngeli ya U-I kwa umbo lake, lakini katika mazungumzo hupata pia upatanisho wa viumbe hai, na Kiswahili kinaruhusu msemaji ayumbe kati ya hizo mbili. Msimulizi alianza na "mzimu unaangusha vitabu". Kuanzia pale vumbi linapojipanga sakafuni na kutoa mahali pa kwenda, alihamia "mzimu anasema", na hakurudi tena kwenye u-. Kiambishi kimoja kilimpa mzimu utu zaidi ya saa mbili kabla filamu yenyewe haijafanya hivyo. Sidhani kama alikusudia, lakini sarufi haihitaji kusudi la msemaji ili itoe ushahidi.

Matthias Krings, aliyeandika kwa kina kuhusu wasimulizi wa filamu wa Tanzania, akiwamo Lufufu, aliipa makala yake kuhusu sanaa hii kichwa kinachotokana na sitiari ya kugeuza wali kuwa pilau. Sitiari hiyo ni nzuri, lakini inaweka mkazo kwenye viungo vinavyoongezwa: vichekesho, methali, majina ya mitaa. Mfano wetu unaonyesha kwamba badiliko kubwa zaidi laweza kutokea pasipo kiungo chochote, kwa tafsiri ya neno moja ambalo kamusi yoyote ingeliidhinisha.

Wala hadhira hii haikuwa inabuni njia isiyokuwapo katika fasihi yetu. Katama Mkangi, katika Walenisi (1995), alimrusha mhusika wake Dzombo kwa chombo hadi sayari nyingine, na sayari hiyo ikawa kioo cha kwetu, kama jina lake linavyotamka. Said Ahmed Mohamed, katika Babu Alipofufuka (2001), alimrudisha babu aliyekufa ili amtikise mjukuu aliyepotoka. Riwaya moja inatuma mtu angani, nyingine inamtoa mtu kaburini. Watazamaji niliokaa nao, ambao pengine hawajasoma hata moja kati ya hizo, waliziunganisha safari hizo mbili bila taabu.

Jambo la pili ni neno baba. Karibu na mwisho, Cooper, ambaye kwa hesabu ya dunia ana miaka 124 lakini mwili wake ni wa mtu wa makamo, anakutana na Murph aliye bibi kizee kitandani. Wanafunzi wa Iringa walilia, au walijifanya kutazama simu. Mwanjelwa walicheka, na kicheko hicho ndicho ambacho mwenzangu angekitumia kama ushahidi wa kutoelewa. Mimi nakisikia vingine. Kwetu bibi kumwita kijana baba si kitendawili cha wakati. Ni jambo la kila siku, kwa kuwa kijana huyo amepewa jina la baba wa bibi huyo, na jina linapokuja linakuja na heshima yake na utani wake. Kicheko kilikuwa cha utani huo. Lugha ilikuwa imekwisha kuandaa kiti cha Cooper, mtu aliye mkubwa na mdogo kwa wakati mmoja.

Kuhusu safari yenyewe nitasema kwa ufupi, kwa sababu hapa hadhira zote tatu zilikubaliana. Saa moja kwenye sayari ya maji ni miaka saba duniani, na Cooper anaporudi chomboni anakuta barua za video za miaka 23 zikimsubiri. Katika mikoa ambayo wanaume wake walikwenda manamba kwenye mashamba ya mkonge ya Tanga, au migodini Zambia na Afrika Kusini, hakuna aliyehitaji kufafanuliwa fizikia ya baba anayerudi na kukuta watoto wake ni watu wazima.

Penye uzito ni mahindi. Katika dunia ya Interstellar mazao mengine yamekufa na mahindi ndiyo yaliyobaki. Nyanda za Juu Kusini zimehesabiwa tangu miaka ya 1970 miongoni mwa maghala ya mahindi ya taifa, na watazamaji wake hawayaoni mahindi hayo kama mandhari. Cooper anapokatiza shambani na gari akikimbiza ndege isiyo na rubani, Mafinga waliguna kwa uchungu. Murph anapolitia moto shamba la kaka yake Tom ili kumtoa nyumbani, hawakumsamehe, ijapokuwa filamu inamtaka mtazamaji awe upande wake. Tom ndiye aliyebaki. Ndiye aliyelima, aliyemzika babu karibu na mama yake na mtoto wake wa kwanza, na asiyekubali kuondoka. Kwa wahakiki wengi huo ni ukaidi wa mjinga. Kwa waliokwisha kukubali kwamba hadithi hii ni ya mzimu, Tom ni mtunza makaburi, na bila makaburi mzimu hana kwake.

Hata hivyo, usomaji huu una hasara, na hapa mwenzangu ana hoja. Filamu hii ni ya kisaikolojia kabla ya kuwa ya kifalaki. Dakta Mann, aliyetumwa peke yake kwenye sayari ya barafu, alighushi taarifa ili watu waje kumwokoa, na anapozinduliwa usingizini analia kwa kuuona uso wa binadamu. Huo ni upweke usio na ukoo: hakuna kaburi karibu, hakuna wa kumtambikia. Msamiati wa mzimu hauna mahali pa kumweka mtu huyu. Mwanjelwa aliitwa msaliti, jambazi, na mazungumzo yakaishia hapo. Kibaya zaidi, chombo kinapolipuka naye, Nolan ameondoa sauti yote ya mlipuko, maana angani hakuna hewa ya kuibeba. Msimulizi aliujaza ukimya ule kwa maneno mpaka ukatoweka. Sanaa ya usimulizi vibandani haijui kunyamaza, na tusiisifu kiasi cha kulificha hilo. Wanafunzi wa Iringa waliusikia ukimya, na mmoja wao aliandika kuhusu Mann insha iliyonipita mimi mwalimu wake.

Lakini tukio la mwisho linanirudisha kibandani. Cooper anaamka kwenye makazi yanayoelea karibu na Zohali, na anaonyeshwa nyumba yake ya zamani iliyojengwa upya kama jumba la makumbusho. Anaulizia habari za binti yake. Hamuulizii Tom hata mara moja, na filamu haisemi alifia wapi. Kijana mmoja wa Mwanjelwa aliuliza kwa sauti alipo Tom, na mwingine akataka kujua kama makaburi nayo yalihamishwa pamoja na nyumba. Msimulizi alisita, kisha akaongeza sentensi isiyokuwamo kwenye filamu: kwamba Tom alizikwa shambani, kando ya mwanawe, na mahindi yakaota tena juu yake.